Wiki ya kuzamia Scapa Flow, Orkney: boti, baridi na manowari za Mjerumani

Wale wanaoniuliza kama kuna raha yoyote kuzamia chini ya bahari huku Uingereza na baridi yote hii, jibu langu ni ipo tena kubwa, ila nendeni Orkney na mchukue boti ya kulala humo humo wiki nzima. Jina la boti tuliyopanda siliweki kwa sababu pale bandari ya Stromness zipo kadhaa na nyingi zinafanya kazi kwa mtindo mmoja, so nitakayosema yatakusaidia hata ukichukua nyingine.

Kwa asiyepajua, Scapa Flow ni ghuba katikati ya visiwa vya Orkney, juu kabisa ya Scotland. Vita ya kwanza ya dunia ilivyosimama 1918 Mjerumani alilazimishwa kuzipeleka meli zake 74 pale zikae chini ya ulinzi wa Mwingereza, halafu tarehe 21 Juni 1919 admirali wao Ludwig von Reuter akasubiri meli za Waingereza zimetoka kwenda mazoezini akatoa amri zizamishwe zote, zikazama 52 siku hiyo hiyo. Nyingi zilikuja kuopolewa zikauzwa chuma chakavu, ila kubwa 7 bado ziko chini: manowari König, Markgraf na Kronprinz Wilhelm, na kruza (meli za kivita nyepesi kuliko manowari) Cöln, Dresden, Brummer na Karlsruhe. Hizo ndo watu wanazifata.

Sasa boti. Zamani ilikuwa ya uvuvi, wameigeuza, kebini ziko chini na vitanda vya juu na chini, pembamba mno, begi gumu la magurudumu halina pa kukaa kwa hiyo njoo na begi laini la kukunja. Maji ya moto yapo muda wote. Lakini kilichonifanya niipende ni namna wanavyoshughulika na baridi, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo kitu cha kuulizia kabla hujalipa hata senti. Mwezi wa sita maji yalikuwa kama nyuzi 11, sisi tuliozoea Mnemba ya Zanzibar na nyuzi zake 28 tunaona ni barafu, ila chini wala hauteseki kama draisuti yako (suti ya kuzamia isiyoingiza maji) haivuji na umevaa nguo nzito ndani. Tabu inaanza ukitoka, upepo unapiga, vidole vina ganzi, mgongoni una mitungi miwili na boti inayumba, na hapo ndo kwenye boti nyingine unaambiwa panda ngazi. Hii ina lifti, unasimama kwenye kibao kinakunyanyua mpaka juu, kijana mmoja anakuvua fini, yale mapezi ya miguuni, mwingine ameshashika kikombe cha chai, muda si mrefu uko ndani na bakuli la supu na suti yako imening'inizwa kwenye chumba chenye hita. Daivu ya pili unaiingia mwili umepata joto kabisa, na mtu mwenye joto anafikiri vizuri na hewa yake anaitumia taratibu. Kwangu hiyo lifti na hicho chumba cha hita ni usalama kabisa, usivihesabu kama anasa.

Kwa siku tulikuwa tunazamia mara mbili, asubuhi kwenye kina kirefu, mchana kifupi. Kapteni anakuacha karibu na boya, unashuka na kamba mpaka kwenye meli, kupanda unarusha boya lako mwenyewe na yeye anakufata ulipo. Cöln ndo niliipenda kuliko zote, imelala ubavu, ukitembea nayo unaona mizinga na mnara wa kamanda, kote kumeota anemoni nyeupe, wale viumbe wa baharini wanaofanana na maua. Zile manowari zenyewe zimelala kichwa chini, kina kinafika mita 40 na kitu, kwenye Kronprinz Wilhelm unajipenyeza pembeni na tochi unaiona mizinga ya milimita 305 iko chini ya meli yenyewe. Mimi nilikuwa namuwaza Königsberg, kruza ya Mjerumani iliyoishia Rufiji 1915, ambayo mzinga wake mmoja uko Fort Jesus Mombasa tunaupita tu kila siku bila kuuangalia. Vita ile ile, huku zimebaki meli nzima.

Usiokote kitu chochote, meli hizi zinalindwa kisheria. Na Royal Oak, manowari ya Mwingereza iliyopigwa na nyambizi ya Mjerumani Oktoba 1939 wakafa mabaharia zaidi ya 800, ni kaburi, hairuhusiwi kuzamiwa, mnapita kwa mbali na ndivyo inavyotakiwa.

Lisilonifurahisha ni maelezo ya kabla ya kuzamia. Michoro ya kapteni mizuri sana, ila anaongea haraka na lafudhi nzito, wageni wawili kwenye kundi letu walikuwa wanaitikia tu huku hawajaelewa, na kwenye mita 38 hilo sio jambo dogo. Warudie, waulize mtu mmoja mmoja. Pia wanachanganya wazoefu na ambao ndo wametoka kupata cheti cha draisuti, mimi ningewatenga siku za mwanzo.

Chakula tele. Niliandika mapema kwamba sili nguruwe na nyama nataka halali, mpishi akaninunulia samaki na akanipikia sufuria ya peke yangu bila kununa. Wanaoswali wajue mwezi wa sita jua linazama saa nne na nusu usiku na giza halisi haliingii, so pangeni ratiba yenu ya Isha na Alfajiri kabla ya kwenda.

Bei iko juu, na feri ya kutoka Scrabster, Scotland bara, kwenda Stromness unajilipia, dakika 90 hivi, ukikaa upande unaotazama kisiwa cha Hoy utauona ule mwamba wa Old Man of Hoy, mita 137. Naitroksi, yaani hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni, tulilipia pembeni. Kama hujawahi kuvaa draisuti usianzie huku, kafanye daivu za kutosha kwenye maziwa ya mafunzo kwanza mpaka uizoee, halafu weka nafasi mapema maana za kiangazi zinawahi kujaa.