Sauti safi, majina ya uongo: uzoefu wangu na seti ya santuri za surf na hot rod

Nyota moja, nayo nampa fundi aliyesafisha sauti. Hii ni seti ya santuri mbili za muziki wa surf na hot rod wa Los Angeles, yaani nyimbo za kuteleza mawimbini na za magari ya mbio, nyimbo za miaka ya mwanzo ya 1960, iliyotolewa upya na kampuni ambayo siitaji hapa. Bei yake inauma. Fungua kijitabu kilichomo: chini ya picha ya kila bendi wameandika nani kapiga drams, nani kapiga solo, nani kapiga besi. Shida ni kwamba wameorodhesha sura za kwenye picha, wakati walioingia studio ni watu wengine kabisa.

Chukua bendi ya Rip Chords na "Hey Little Cobra", iliyovuma 1964. Sauti unazozisikia kwa sehemu kubwa ni za mtayarishaji Terry Melcher na Bruce Johnston, yule aliyejiunga na bendi ya Beach Boys mwaka 1965. Vijana wa kwenye picha ndio waliozunguka majukwaani. Chukua Hondells: "Little Honda", 1964 hiyohiyo, ni kazi ya mtayarishaji Gary Usher, anaongoza Chuck Girard kwa sauti, na vyombo vimepigwa na watu wa kulipwa kwa kila kikao cha kurekodi. Bendi za Marketts na Routers nazo, chini ya mtayarishaji Joe Saraceno, zilikuwa majina ya kubandika juu ya kazi ya wapigaji wa studio. Kijitabu hakisemi lolote kati ya haya. Kimejaza majina kwa kujiamini, na kwangu hilo ni baya kuliko kuacha nafasi wazi, maana mtu mgeni atayanukuu na uongo utasambaa.

Niliwaandikia. Nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba msikilizaji wa kawaida hajali nani alipiga nini. Yaani mtu anayenunua santuri za aina hii, za gharama hii, ndiye huyo asiyejali?

Na kujua si kazi ngumu. Vikao vya Los Angeles vilikuwa vya saa 3, na kila kimoja kilijaziwa hati ya chama cha wanamuziki, tawi namba 47 la Hollywood. Hati ina tarehe, studio, majina na malipo. Kiongozi wa kikao alilipwa mara mbili ya wengine. Ila isomwe kwa akili. Inathibitisha nani alilipwa, haithibitishi kwamba alichopiga kilibaki kwenye rekodi ya mwisho. Vyombo vilivyoongezwa siku nyingine vina hati yake, nayo mara nyingi ndiyo inayopotea. Kwa hiyo unalinganisha hati na sikio.

Hapo ndipo ninapolazimika kupandisha nyota, kwa sababu sauti ya seti hii ni mono halisi, yaani sauti ileile moja pande zote mbili. Hawakutumia ile stirio ya kughushi ya miaka hiyo, iliyopeleka besi upande mmoja na sauti kali upande wa pili, kisha ikachelewesha upande mmoja kidogo. Kama unazo santuri za namna hiyo, usibonyeze kitufe cha mono ukidhani umezitibu: pande mbili zilizopishana zikichanganywa zinakulana, na matoazi yanageuka kama yanapigwa ndani ya bomba. Sikiliza upande mmoja tu.

Kwenye seti hii hauhitaji hila hizo. Weka Jan & Dean, vaa hedifoni, fuata snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Jan Berry, mmoja wa hao wawili, alikuwa akiwakalisha wapiga drams wawili kwa pamoja, Hal Blaine na Earl Palmer, wakipiga kitu kilekile. Pigo linakuja nene kuliko la mtu mmoja, na pale wanapopishana kwa unywele unasikia ukingo wake umechanika kidogo. Shuka kwenye besi. Desturi ya studio za huko ilikuwa kuweka besi kubwa ya kusimama, halafu besi ya umeme ya Fender, na mara nyingine besi ya umeme ya Danelectro ya nyuzi sita inayodonolewa kwa kipiki (kibao kidogo cha kukwaruzia) huku nyuzi zimezibwa, ili ule mlio wa "tik" upenye kwenye redio ndogo ya gari. Kijitabu kinamtaja mpiga besi mmoja! Hakuna Ray Pohlman, hakuna Bill Pitman, hakuna Carol Kaye. Gitaa hakuna Tommy Tedesco wala Glen Campbell, saksofoni hakuna Steve Douglas. Blaine na Palmer waliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la muziki huo Marekani, mwaka 2000 kama wapiga vyombo wa kusindikiza, na humu hawamo hata kwa herufi ndogo.

Sitaki pia watu waruke upande wa pili na kusema kila kitu kilipigwa na "Wrecking Crew", jina la jumla la wapigaji hao wa studio. Jina hilo lilienea baada ya kitabu cha Blaine cha 1990, na Carol Kaye amelipinga waziwazi. Dick Dale, mpiga gitaa wa surf, alikuwa na bendi yake. Chantays walipiga "Pipeline" wenyewe. Beach Boys wa mwanzo wamepiga nyimbo zao nyingi kwa mikono yao, na Carl Wilson anastahili heshima yake ya gitaa.

Basi nyota nne kwa masikio. Lakini kadiri ninavyomsikia Palmer kwa usafi huu ndivyo ninavyozidi kukasirika kwamba jina lake limefutwa na watu walewale waliomsafisha sauti. Kwa jumla basi, mbili. Ukiikuta kwa nusu bei, chukua santuri, kijitabu usikiamini. Kampuni wakichapa karatasi moja ya masahihisho na kuwatumia waliokwisha kununua, nitarudi hapa kubadilisha.