Kabla ya kununua modemu, soma ubavu wa boksi

Ushauri huu ni wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za kuingia intaneti kwa modemu, kifaa cha kupitisha data kwenye waya wa simu. Kadi ya modemu niliyouziwa Arusha boksi lake liliandikwa kwa herufi kubwa: 56K (kasi yake), V.90 (kanuni ya kasi hiyo), V.42bis (kanuni ya kubana data). Nikarudi nayo Moshi nimefurahi. Nilipounganisha tu, kompyuta yangu, Pentium ya megahezi 133, ikawa nzito. Naandika barua, herufi zinatokea mojamoja nikiwa nimeshamaliza neno. Fundi akaichomoa, akaigeuza: karibu haina chipu. Kazi ya kubana data, yaani kuipunguza ukubwa ipite haraka, niliyoilipia, ilikuwa inafanywa na prosesa yangu.

Kwa hiyo kasi msijisumbue kuiuliza, zote zinasema 56K. Ulizeni ni nani anayebana data. V.42bis hubana maandishi matupu hadi mara 4, na kwa sisi tunaolipia simu kwa dakika, barua pepe ndizo mzigo wetu. Picha za JPEG na faili za ZIP zimeshabanwa, hapo haiongezi kitu. V.44, kanuni mpya zaidi ya kubana inayokuja na modemu za V.92, hufika mara 6, mradi upande wa pili, yaani mtoa huduma wa intaneti, nao uwe nayo.

Soma ubavuni mwa boksi. Likidai Windows na prosesa ya kasi fulani, hiyo ni modemu nusu. Nusu iliyobaki ni kompyuta yako. Likisema inafanya kazi hata kwenye DOS, mfumo wa zamani wa kabla ya Windows, chukua.

Mimi ni mtu wa modemu za kampuni ya USRobotics na sifichi. Namba moja ni Sportster ya nje, ya kuchomeka tundu la serial. Inabana yenyewe, na ukishakata simu iandikie modemu amri ya ATI6, itakuonyesha imebana kwa njia gani. Kasi ya tundu la serial iweke biti 115,200 kwa sekunde. Ukiliacha chini sana, faida yote inakwama kwenye waya. Courier ya kampuni hiyohiyo ni imara zaidi, ila bei yake ni ya ofisi. Ya tatu, kadi ya ndani yenye kidhibiti chake, yaani chipu inayobana data yenyewe. Zile nusu za bei poa zinafaa kompyuta mpya yenye nguvu, basi.

Kinachoniuma ni wauzaji. Wanatuletea modemu za Marekani na adapta za volti 120. Ukichomeka kwenye 230 yetu inaungua, kisha wanakuuzia adapta nyingine. Kadi yangu niliirudisha siku ya tatu, kwa nauli yangu. Muuzaji akanijibu: "Dada, mali ikishatoka dukani hairudi." Na stika ya bei alikuwa ameibandika juu ya mstari unaotaja prosesa. Ibandueni kabla hamjatoa hela.