Kuosha kiyoyozi Nyali na Mikindani: kampuni moja, bei mbili

Kampuni ninayoizungumzia huosha na kutengeneza viyoyozi hapa Mombasa, na ofisi yake iko Nyali. Nimeitumia nyumbani kwangu Mikindani na pia kwa dada yangu, anayeishi Nyali karibu na bahari. Viyoyozi vya nyumba zote mbili ni vya ukutani, vya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), na kazi tuliyoagiza ilikuwa ileile: kuosha, kupima gesi na kuzibua bomba la kutolea maji. Kwangu nililipa shilingi 2,000 kwa kila kimoja. Kwa dada tukatajiwa 3,500.

Nilipouliza sababu, mpokea simu alinijibu kwa adabu kwamba Nyali kuna umbali na chumvi ya bahari. La umbali halisimami hata kidogo. Fundi aliyetumwa anakaa Kisauni, na kuja kwangu humlazimu kuvuka Daraja la Nyali, kukata kisiwa, kupita Makupa na kuingia foleni ya malori ya Changamwe, ilhali kwa dada hufika kwa tuktuk kwa muda mfupi tu. La chumvi lina ukweli wake, kwani mashine ya nje ya dada imeelekea baharini na mapezi yake ya alumini yameliwa hadi yanamung'unyika yakiguswa, kiasi kwamba fundi alipunguza presha ya pampu na kumalizia kwa brashi ya mkono. Lakini upepo huohuo unavuma Likoni, na nilipoulizia bei ya huko nikatajiwa ileile ya Mikindani.

Gharama za kweli nilizishuhudia getini, na ajabu ni kwamba ofisi haikuzitaja. Askari aliandika namba ya kitambulisho cha fundi, akapiga simu nyumbani, kisha akamweka kando kusubiri kibali. Isitoshe, wasimamizi wa mtaa ule hawaruhusu mafundi kabla ya saa tatu asubuhi, baada ya saa kumi jioni, wala siku ya Jumapili, hivyo nyumba anazoweza kuzimaliza kwa siku ni chache. Shemeji naye alitaka ankara ya eTIMS, yaani ile ya kielektroniki inayopitia mfumo wa mamlaka ya kodi, KRA, kwa sababu nyumba inalipiwa na kampuni yake, na tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara hiyo hayakubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato. Kwa kampuni iliyosajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, hapo asilimia 16 haikwepeki, ingawa juu ya shilingi 2,000 ni shilingi 320 tu. Dada pia alipewa dhamana ya miezi mitatu kwa maandishi, na maji yalipoanza kuchirizika ukutani fundi alirudi kesho yake bila malipo. Hilo nalisifu bila kusita.

Sehemu iliyobaki, kwa maoni yangu, ni bei ya anwani. Mikindani fundi akizidisha bei, jioni ploti nzima imeshajua, na kesho yake hapati mteja mwingine hapo. Nyali kila mtu yuko nyuma ya ukuta wake, na ni nadra jirani kumuuliza jirani alilipa ngapi. Mwenye nyumba huko pia hana muda wa kupatana bei, na ofisi inalijua hilo vizuri. Wala nyongeza hiyo haimfikii anayepanda ngazi. Nilipomuuliza fundi wakati anakunja shuka aliyokuwa ametandika juu ya kitanda, alisema, "Dada, mimi nalipwa kwa mashine. Nyali ama Mikindani, kwangu ni kilekile."

Baadaye dada alikubaliana na majirani wa geti lao waoshewe viyoyozi vyote siku moja, na kampuni ikashuka hadi 2,700 kwa kila kimoja, VAT ikiwemo na dhamana ikibaki palepale. Anayeishi mitaa ya namna hiyo namshauri afanye vivyo hivyo, na adai ankara inayotenganisha kazi, gesi na kodi. Sisi wa Mikindani tuombe dhamana ya maandishi. Mimi nilipoiomba mara iliyofuata nilipewa, na bei ikabaki shilingi 2,000.