Seti ya kibao cha taa kwa mashine ya gemu: vyuma vizuri, mkanda wa LED wa hovyo

Mashine yangu ya gemu ilikaa miezi mitatu bila kichwa. Sanduku la MDF (mbao za unga ulioshindiliwa) nilishalipaka rangi, skrini inawaka, vitufe vinaitika, ila pale juu panapokaa kibao cha jina palibaki pengo. Nikaagiza seti: vipande viwili vya akriliki (plastiki ngumu kama kioo) vya milimita 3, kimoja angavu na kingine cheupe kama maziwa, vyuma viwili vyeusi vya alumini vya kushikilia kibao, mkanda wa LED wa nusu mita na adapta ya volti 12. Picha ya jina unachapisha mwenyewe.

Vyuma sina neno navyo. Vimekunjwa sawasawa na rangi haikubanduka hata bisibisi iliponiteleza. Awali nilijaribu kubana kwa vijiti vya mbao, kikaonekana kama picha ya harusi ukutani.

Mkanda ndio ulionikera. Una LED 30 kwa mita, yaani taa moja kila sentimita 3.3, na maelekezo yanasema uubandike nyuma ya kibao. Kwangu nafasi ya huko ndani ni sentimita 2. Usiku nikawasha, binti yangu akacheka: "Baba, mbona kimeota meno?" Kweli, nukta 15 zimejipanga mstari mmoja. Taa ikiwa karibu na akriliki kuliko ilivyo karibu na taa mwenzake, utaziona moja moja, hata akriliki iwe nyeupe vipi. Wiki ya pili gundi nayo ikaachia, mkanda ukaning'inia.

Nikautupa, nikanunua wa LED 60 kwa mita. Huu sikuuweka nyuma ya kibao. Niliubandika juu, kwenye dari ya kisanduku, baada ya kufuta vumbi la MDF kwa spiriti, nikauelekeza ukuta wa nyuma niliokuwa nimeupaka nyeupe isiyong'aa. Mwanga unagonga ukuta kwanza ndipo unarudi kwenye kibao, umeshatawanyika. Meno yakaisha.

Picha nilichapisha mara mbili. Ya kwanza, kwenye karatasi ya kawaida, mchana ilipendeza. Taa ikiwaka, rangi nyekundu inageuka waridi na nyuzi za karatasi zinaonekana kama mawingu. Ya pili nilitumia plastiki ya mabango ya taa, nikamwomba mchapaji aongeze wino. Nyeusi sasa ni nyeusi. Inakaa katikati: akriliki ya maziwa nyuma, angavu mbele.

Kuna jambo maelekezo yamelinyamazia kabisa. Akriliki hutanuka kwa joto. Mimi nilikikata kipande kikabana kabisa, baada ya siku chache kikavimba katikati kama tumbo. Nimepunguza milimita moja kila upande, kimetulia. Pia nunua utepe mweusi wa sponji uzungushe kingoni, maana bila huo mwanga unachungulia juu ya vyuma kama taa ya chumba inayopita chini ya mlango. Kwenye seti haumo, na kwa maoni yangu ndio unaotofautisha kazi ya fundi na kazi ya kubahatisha.

Adapta yao inalia kama mbu. Nikaiweka kando, nikachukua volti 12 kutoka pawasaplai ya kompyuta iliyomo humo humo, waya wa njano na mweusi, kwa hiyo kibao na gemu vinawaka pamoja.

Nyota tatu kati ya tano. Wakiuza vyuma na akriliki peke yake, nitanunua tena. Nailoni ya kinga iliyo juu ya akriliki usiibandue hadi dakika ya mwisho, kwani ukishaivuta tu akriliki inanasa kila kinachopita hewani. Mimi niliharakisha, kuna unywele umelala juu ya herufi R, na skrubu nane za kufungua zinanitazama.