"Hemingway" ya Ken Burns na Lynn Novick: anza na sehemu ya tatu

Filamu hii ya hali halisi ya 2021, kuhusu mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, ina sehemu tatu, karibu saa sita zote. Kwa ubora wa 480p, tenga kama GB 4 za data. Mtazamaji wa Uganda na aanze na ya tatu, ya miaka 1944 hadi 1961, maana humo nchi yetu imo.

Januari 1954, ndege ndogo ya Hemingway na mkewe Mary iligonga waya wa simu karibu na Maporomoko ya Murchison. Kesho yake, Butiaba, ndege ya pili ikashika moto ikijaribu kuruka. Hemingway akavunja mlango kwa kichwa. Magazeti yalikwisha kumtangaza marehemu. Baadaye mwaka huohuo alishinda Nobel, lakini hakuweza kwenda kuipokea. Sifa kubwa ya filamu ni kwamba haitafuti sababu moja ya kuporomoka kwake: majeraha ya kichwa, pombe na maradhi ya akili yaliyokuwa katika ukoo vyote vinapimwa.

Wake wote wanne wana sauti zao. Meryl Streep anasoma maneno ya Martha Gellhorn, mke wa tatu. Washa maandishi ya chini, barua hupita haraka.

Anayependa kuandika asiruke sehemu ya kwanza. Miswada inaonyeshwa kwa karibu, sentensi zimefutwa na kuandikwa upya. Riwaya yake ya 1929, "A Farewell to Arms", pekee aliijaribia miisho 47! Butiaba, kwa kweli, ilistahili dakika zaidi.