Nilivyoulizwa kama mke wangu ni mke wangu: cheti cha kuzaliwa Mumbai

Hii nimeiandika mara mbili nikaifuta, maana ya kwanza ilikuwa matusi matupu.

Mwanetu alizaliwa Mumbai nikiwa masomoni, mvua zao kubwa zikiwa zimeshachachamaa na viatu havikauki. Kule anayesajili watoto ni jiji lenyewe. Hospitali inapeleka taarifa ndani ya siku 21, kwa sheria yao ya 1969, halafu wewe unafuata cheti ofisi ya kata. Kata zenyewe zimepewa herufi kama mikondo ya darasa: A, B, C, hadi unakuta F Kusini na F Kaskazini. Yetu herufi yake siitaji.

Niseme haki kwanza. Mpaka siku ile sikuwa na ugomvi na jiji lile. Maji yalikuwa ya saa chache tu kwa siku, lakini yalikuja kwa saa yake. Mlinzi anawasha pampu, tangi la juu ya paa linajaa, mmeshafua. Gari la taka nalo lilipita asubuhi. Nilikuwa nawasifia kwa ndugu zangu wa Tanga mpaka wakanichoka.

Basi tukaenda wote watatu. Mama mtoto amemfunika mwanawe kwa kanga, mimi na bahasha ya karatasi. Karani ana glasi ndogo ya chai kaifunika kwa kisahani. Anasoma fomu kwa ncha ya kalamu. Jina la mtoto: lake, la baba, la ukoo. Akafurahi kabisa, kwa sababu Wamarathi, wenyeji wa huko, nao hupanga hivyo hivyo. Nikajiona nimefika nyumbani.

Kalamu ikasimama kwenye mstari wa mama.

"Huyu nani?"

"Mke wangu."

"Mbona ana jina la mwanamume mwingine?"

"Ni baba yake, saheb."

"Na wewe uko wapi hapa?"

Kwao mwanamke akiolewa, desturi ni jina la mume kukaa katikati na la ukoo wa mume mwishoni. Kwetu mtu akiolewa anabaki binti wa baba yake mpaka anaingia kaburini. Nikaeleza kwa Kihindi changu cha sokoni. Akaniangalia, akamwangalia mke wangu, kisha kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Bhai (yaani ndugu), mmeoana kweli?"

Foleni nzima ikacheka. Mwanamke ana wiki tatu tangu ajifungue, kasimama, na hakuna hata mmoja aliyempa kiti. Nikatoa cheti cha ndoa. Cha Kiswahili, najua. Akakigeuza huku na huku kama anatafuta pa kukifungulia, akanirudishia. "Kal."

Kwa Kihindi, kal ni kesho. Pia ni jana. Neno ni hilo hilo moja. Nimekwenda kal tatu.

Jirani akaniambia zamani ungemwendea diwani wako, anapiga simu moja yanaisha. Ila muda wa madiwani wote 227 ulikwisha Machi 2022, uchaguzi ulikuwa bado haujafanyika, jiji lote lilikuwa chini ya msimamizi wa kuteuliwa. Kwa hiyo hasira zangu hazikuwa na mlango wa kugonga.

Aliyetuokoa ni mzee wa kusambaza chai. Alinivuta pembeni, akaonyesha ngazi kwa kidevu: panda juu, usibishane hapa. Juu kulikuwa na mama mmoja wa makamo katikati ya mafaili yaliyofungwa kwa vitambaa vyekundu. Akafungua pasipoti ya mke wangu, akalinganisha na fomu, akatia sahihi. Hazikufika dakika mbili! Akamsogezea mke wangu kiti chake mwenyewe, akauliza mtoto analala usiku au hapana. Nilikuwa nimekuja kugombana, nikajikuta nashukuru mpaka naona aibu.

Sasa nihukumuje? Nilitaka kuwapa nyota moja. Kwa yule mama ningetoa tano. Lakini kwa nini dakika mbili za juu zigharimu siku tatu za chini? Na karani mwenyewe, nikiwa mkweli, hakuomba hata rupia moja, na nakala ya kwanza ilitoka bure kama sheria inavyotaka. Alikuwa tu na mdomo. Hapana, sijamsamehe.

Cheti tulikisoma nyumbani, Kimarathi upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Jina la mama mtoto limekaa sawasawa, na la baba yake, herufi kwa herufi. Lililokosewa ni langu. Nilipompigia mtu wa dirishani kuuliza, akaniambia nirudi kal.