Jessica ndani ya kidau: nilivyouelewa mwisho wake

Wiki hii nimeitazama mara mbili, nyumbani Wete, pamoja na wifi yangu. Let's Scare Jessica to Death ni filamu ya Kimarekani ya mwaka 1971, mwongozaji John Hancock. Jessica ametoka hospitali ya maradhi ya akili. Yeye, mumewe Duncan na rafiki yao Woody wanahamia nyumba ya shamba huko Connecticut, na ndani wanamkuta Emily, msichana asiyejulikana kwao. Muuza vitu vya kale anawasimulia habari za Abigail, aliyezama ziwani mwaka 1880 karibu na harusi yake. Maiti haikuonekana, na wapo wanaoamini bado anazunguka akinyonya damu.

Ambaye hajaitazama aishie hapa.

Mwishoni Jessica amekimbilia ziwani kwa kidau. Mkono unatokea majini. Anapiga kwa mti wenye ndoano, anapiga tena, na anayeelea ni Duncan. Ufukweni Emily na wanaume wa mji wanamtazama tu. Kisha tunaisikia sauti ya Jessica, ileile inayoifungua filamu: hajui ipi ndoto, ipi kweli.

Wifi hana shaka. "Wale wazee wana mabendeji na makovu. Huyo Emily ni mumiani, wifi. Jessica hana wazimu."

Hoja yake ina uzito. Lakini yote yale ni Jessica anayekumbuka, hata mabendeji tunayaona kwa macho yake, na hofu yake inakomaa baada ya kusikia kisa cha Abigail. Hilo nalijua. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka tisa, Popobawa, jini linalosemwa kuvamia watu usiku, alipovuma hapa Pemba na baadaye Unguja. Kabla sijalisikia jina lile, bati likilia usiku lilikuwa bati. Baada ya hapo silali. Tulitandika mikeka uani, sisi na majirani, watu wazima wakipokezana kukesha. Hakuna aliyeulizwa kama ana akili timamu. Ukishtuka, bibi anakuwekea mkono mgongoni, basi.

Jessica hana mkono huo. Mapema kabisa, makaburini, anamwona msichana akajiambia asiseme, wasije wakadhani maradhi yamerudi. Kila kitu kinatoka pale. Awe Emily ni mumiani au si mumiani, Jessica amefika kwenye kidau kile kwa kunyamaza, na ndiyo maana naona mwongozaji amefanya vyema kutotupa jibu.

Nusu ya kwanza inakwenda taratibu, msiizime. Zohra Lampert, anayeigiza Jessica, anacheka huku macho yanaomba msaada. Sijaona uigizaji wa hofu unaonigusa hivyo. Minong'ono inayomwita isikilizeni taa zikiwa zimezimwa.

Mara ya pili, tulipofika pale kwenye mkono, wifi alisema kwa sauti ndogo, "Angemwambia mumewe siku ile ya makaburini." Habari za mumiani hakuzirudia.